Cherehani Ikinyamaza

Ukitaka kumkera Loisi, mwambie makala yake ni mazuri. Atakutazama juu ya miwani kama mtu uliyemmwagia uchafu mlangoni, halafu atakuuliza: mazuri kwa lipi? Ulibishana nayo? Ulimsomea mtu? Yalikukumbusha jambo lako? Ukibabaika, na wengi hubabaika, anajua hukusoma, au ulipitisha macho tu. Kwake hilo ni tusi kubwa kuliko kumwambia hajui kuandika.

Alizaliwa Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini, baba yake akiwa mtu wa reli. Ni Mgogo baba na mama, ila nyumbani kwao hapajawahi kulala ng'ombe hata wa kuazima. Hilo lishike, kwa sababu ndilo lililokuja kumponza. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini, akapiga chapa barua za wakubwa hadi kompyuta zikaja na vijana wake, naye akaambiwa asante. Wenzake walioambiwa asante siku ile walifungua magenge ya nyanya na vitunguu. Loisi alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Erica, na kila mtu alimtegemea afanye vivyo hivyo. Akasema maneno ya watu wengine ameyaandika ya kutosha, sasa ataandika yake. Wakamcheka. Walimcheka hadi shemeji zake, tena mbele ya chakula.

Basi akaandika. Lilikuwepo gazeti la kila wiki, likiitwa Nyanda, linalouzwa mjini na kwenye minada ya wilaya za jirani. Alipeleka makala kuhusu mwanamke aliyenyimwa maji ya bomba na jirani yake kwa sababu ya jogoo. Makala yakatoka, na wiki iliyofuata watu wawili wakafika ofisini kila mmoja akidai jogoo yule ni wake. Mhariri wa wakati ule, mzee mwenye busara zake, akampa ukurasa wa tisa na kumwambia autunze.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Mlango wake unatazamana na wa Nasra, fundi cherehani, Mrangi wa Kondoa aliyeolewa mjini na kubaki. Kila makala kabla hayajaenda gazetini yalipitia barazani kwa Nasra. Loisi alisoma kwa sauti, Nasra akaendelea kushona, mguu kwenye kanyagio. Pale cherehani iliponyamaza, Loisi aliweka alama, aya hiyo inabaki. Pale ilipoendelea kuunguruma kuanzia mwanzo wa aya hadi mwisho, aya hiyo ilikatwa, hata kama ilikuwa na maneno matamu ya kutoa machozi. Nasra mwenyewe hakuijua sheria hii kwa mwaka mzima. Alipoijua alikasirika kidogo.

"Sasa mwenzangu kwa nini usiniulize tu?"

"Nikikuuliza utanipa heshima," Loisi akamjibu. "Mdomo unajua adabu. Mguu haujui."

Ikawa hivyo miaka na miaka. Ukurasa wa tisa ulisomwa. Nakala moja ilikwenda Mpunguzi, ikasomwa kwenye mashine ya kusaga, ikapita nyumba kwa nyumba, ikarudi imechakaa kama noti ya zamani. Watu walimsimamisha sokoni kumbishia. Aliwapenda wale wabishi kuliko ndugu zake.

Halafu akaja Brighton. Sitamsema vibaya sana, maana ni kijana mchapakazi, na bila yeye lile gazeti lingeshakufa. Aliletwa kuwa mhariri mpya, akaliingiza gazeti mtandaoni, akabandika ukutani kanuni zake za kumshika msomaji: kichwa cha habari kichome kama nge, aya fupi, picha kubwa, na mambo yapangwe kwa namba, mambo matano ya hiki, mambo saba ya kile. Loisi alizisoma zote akiwa amesimama, mkoba begani.

"Baba, orodha ni ya kwendea sokoni," akasema. "Watu wangu hawali orodha."

"Mama Erica, dunia imebadilika."

"Imebadilika, ndiyo. Watu bado wana masikio."

Wakaishi hivyo, kila mmoja akimvumilia mwenzake, hadi ilipofika Nane Nane. Brighton alitaka toleo maalumu la maonyesho ya wakulima, na akataka kutoka kwa Loisi makala ya mfugaji. Alitaka haraka. Loisi akamkumbuka Jenifa, aliyekuwa akipiga chapa naye zamani, ambaye baba yake, Mzee Gerson, ni mfugaji wa kijiji kimoja upande wa Bahi. Jina la kijiji nalihifadhi, na mbele utaona kwa nini.

Akaenda. Alifika ng'ombe wakiwa bado zizini na vumbi la kiangazi limewafunika hadi kope. Mzee Gerson ni mtu mrefu, mkavu, anayeongea kwa kupima. Alimpitisha Loisi katikati ya wanyama akiwataja mmoja mmoja: huyu Shangazi, mama yake alikufa kwa ukame, huyu Kipara, aliliwa mkia na fisi, huyu Usiseme, mpole lakini hapendi kushikwa pembe. Loisi akacheka kwa jina la Usiseme, akaona ni la kupendeza. Mzee akaimba wimbo mmoja wa kuwatoa zizini, na wale ng'ombe wakageuka kwa sauti yake, wote, kana kwamba wameitwa chakulani.

"Mzee, Mungu amekujalia," Loisi akasema.

"Mungu ni mwema," mzee akajibu, akanyamaza.

Loisi hakuuliza zaidi. Mgogo yeyote anajua, hata wa mjini, kwamba mtu hamuulizi mwenzake habari za ng'ombe wake. Huulizi wangapi, huulizi wametoka wapi. Ni kama kumuuliza mtu usiku analala na nani. Loisi alijivunia hiyo adabu. Alirudi mjini akaandika kwa mkupuo mmoja, kalamu inakimbia, na hakuweka namba hata moja. Aliweka Shangazi, na wimbo, na vumbi kwenye kope. Na akaweka sentensi hii: "Zizi limejaa, na hakuna hata mmoja asiyemjua kwa jina, kwa kuwa wote ni jasho lake."

Siku ile Nasra hakuwepo, alikwenda Kondoa harusini. Brighton alipiga simu mara ya kwanza, mara ya pili. Loisi akatazama ng'ambo, akaona mlango wa Nasra umefungwa na cherehani imefunikwa kitambaa. Akajiambia makala haya hayahitaji mguu wa mtu, haya yanajitosheleza. Akayatuma. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakuwa na mhariri anayepiga simu.

Makala yakawaka moto. Gazeti liliisha mapema pale Nzuguni kwenye maonyesho, watu wakaupiga picha ukurasa wa tisa wakarushiana kwenye simu. Brighton alimpigia akicheka peke yake. Loisi naye, kwa nini nimfiche, alivimba kichwa. Alitembea barabara ya Kikuyu kama bi harusi.

Nasra akarudi. Akafunua cherehani, akakaa, akasema haya nisomee hayo yanayosifiwa hadi Kondoa. Loisi akasoma. Cherehani iliunguruma, ikanyamaza kwa Shangazi, ikaunguruma, ikanyamaza kwa wimbo. Halafu ikafika ile sentensi ya jasho, na ikanyamaza kabisa. Loisi akatabasamu. Alipoinua macho akakuta Nasra hatabasamu.

"Wote wake?"

"Si ndio nimeandika."

"Ulimuuliza?"

"Nasra, tangu lini mtu anaulizwa ng'ombe?"

"Sawa. Sasa kama haulizwi, wewe ulijuaje?"

Nasra ni binti wa wafugaji, alikulia mgongoni mwa milima ya Kondoa, na kwao kama ilivyo kwa Wagogo, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Ukiwaweka pamoja, ugonjwa ukija wanakwisha pamoja, na mwizi akija hivyo hivyo. Na yupo mwingine anayekuja mara nyingi kuliko mwizi, naye ni ndugu mwenye shida. Kwa hiyo unawawekesha kwa watu wa kuaminika, wawili huku, mmoja kule. Anayekutunzia anakunywa maziwa, anapata mbolea, na siku moja unaweza kumzawadia ndama. Halafu wote wawili mnanyamaza. Kaka yako hajui, shemeji hajui, pengine hata mkeo hajui. Mtu anayepewa wanyama wa watu namna hiyo haandikiani na mtu chochote. Ana jina lake tu.

Na jina la Mzee Gerson lilikuwa limechapwa gazetini pamoja na picha yake, likisema ng'ombe wa watu ni jasho lake.

"Mungu wangu," Loisi akasema.

"Nenda," Nasra akamwambia. "Usipige simu. Nenda."

Alifika na kilo za sukari mkononi, akakuta zizi lina nafasi. Si tupu, lakini mtu angeweza kufagia katikati bila kumsukuma mnyama. Shangazi hayupo. Kipara hayupo. Mzee Gerson alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta wa tembe akisokota kamba.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa. Karibu, mwanangu. Za mjini?"

"Baba, zizi limekuwaje?"

Mzee alisokota kidogo kwanza. "Wenyewe wamewafuata," akasema. "Hawakunitukana hata mmoja. Wanasema malisho ya huku yamekauka, wanataka kuwajaribu kwingine. Mwezi wa nane, malisho yamekauka. Ni kweli. Yanakauka kila mwaka."

Mama Jenifa, mkewe, hakuwa na huo uungwana. Alisimama mlangoni na ungo mkononi. "Fisi alikuja hapa miaka yote na hajawahi kutufanya hivi," akasema. "Alikula mkia mmoja, akaondoka. Wewe kalamu yako imekula zizi."

Loisi hakujitetea. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na ushee, akaomba radhi. Mama Jenifa akamwacha apige magoti muda wa kutosha, halafu akaipokea ile sukari.

"Nitaandika," Loisi akasema. "Nitasema ukweli, kwamba ulikuwa unawatunzia watu, na watu wenyewe ni—"

"Hapana." Mzee aliiweka kamba chini. Hiyo ndiyo mara pekee aliyoinua sauti. "Hutamtaja mtu. Hata kwa kunitetea. Wakinichukulia ng'ombe, nimebaki na watatu wangu na jina langu lina doa. Nikiwataja, jina lenyewe sina tena."

"Sasa nisahihishe vipi, baba?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwandishi."

Alirudi mjini na swali hilo, na nakuambia lilimkaa rohoni. Mtu wa kawaida angeandika mistari miwili ya kuomba radhi akalala. Yeye aliketi barazani kwa Nasra akaandika, akasoma, cherehani ikaunguruma, akafuta. Akaandika tena. Alijichukia, kisha hasira ikamhama ikawaendea wengine, na hasira ya Loisi ikishapata pa kwenda, kalamu nayo huenda. Ile aya ya mwisho alipoisoma, Nasra aliondoa mguu kwenye kanyagio akaukalia.

Makala akayapeleka ofisini kwa miguu yake. Brighton alimpokea kwa furaha.

"Mama Erica, nilikuwa nakutafuta. Hii kitu inatrendi. Watu wameanza kuulizana, ng'ombe ni wa nani? Tunafanya sehemu ya pili. Unaenda na kijana wa kamera, tunawapata wenyewe, tunasikia kuna mmoja ni mtu wa ofisini Mtumba, ndugu zake hawajui kabisa. Kila mtu atabofya."

"Na mzee?"

"Si ndiyo tunamsafisha? Ukweli unatoka."

"Ukweli wa nani, Brighton? Ukimtaja huyo wa Mtumba, kesho kaka zake wako mlangoni kwake. Keshokutwa hakuna mtu nchi hii atakayempa mzee wangu hata kuku amshikie." Akaweka karatasi mezani. "Sehemu ya pili ni hii."

Brighton akasoma. Alisoma vizuri, hadi mwisho, hilo tumpe haki yake. "Imeandikwa kwa uchungu," akasema. "Lakini haina majina. Haina picha. Jambo jipya hakuna. Nani atasoma? Naweza kukupa mistari miwili ukurasa wa pili, marekebisho. Ukurasa wa tisa wiki hii nina tangazo la viwanja."

"Kosa nililifanya ukurasa wa tisa, kwa herufi kubwa, na picha. Radhi niiombe kwa kunong'ona ukurasa wa pili?"

"Mama, ndio utaratibu."

"Basi chukua ukurasa wako uuzie viwanja. Maneno ni yangu, naondoka nayo."

Akaondoka kweli. Ukurasa ule ulikuwa umemsomesha Erica, ulikuwa umewanyamazisha shemeji. Alisimama kwenye kivuli cha mwarobaini akisubiri majuto yaje. Yalikuja, yakamkuta ana hasira inayoyazidi.

Jumamosi alikwenda mnadani Msalato. Hamidu, kijana anayenadi dawa za mifugo kwa kipaza sauti juu ya pikapu, alikuwa msomaji wake na mbishi wake wa siku nyingi, aliwahi kumfuata hadi soko la Majengo kubishana kuhusu kupe. Loisi akamwomba kipaza sauti. Hamidu akauliza ni cha nini. "Nina makala," akasema. Hamidu akamvuta mkono akampandisha kwenye pikapu, juu ya maboksi ya dawa.

Mnada ulikuwa umechangamka, watu wanapigana vikumbo, mbuzi wanalia, moshi wa nyama umetanda, na kwenye mabanda ya nyama choma mapanga yanapiga magogo bila kupumzika. Loisi akavaa miwani. Hakusalimia.

"Wiki iliyopita niliandika gazetini kwamba zizi la mzee mmoja limejaa, na ng'ombe wote ni jasho lake," akasoma. "Mzee hakuniambia hivyo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga. Mimi ni Mgogo wa reli, baba yangu alichunga filimbi. Nilijua ng'ombe hawaulizwi, nikaona aibu kuuliza. Kuandika sikuona aibu."

Wachache wakacheka. Mapanga yakaendelea.

"Zizi gani hapa halina mnyama wa mtu? Nani kati yenu hana ng'ombe anayelala kwa mwingine, au hajalaza wa mwingine kwake? Hamtasema, na msiseme. Sikuja kuuliza. Nimekuja kuwaambia nilichokiona. Nilisimama mbele ya mzee nikamsifia wanyama asiowamiliki. Mtu mwingine angesema, hapana, huyu ni wa fulani na yule ni wa fulani, ili asibebe sifa isiyo yake. Yeye alisema Mungu ni mwema, akanyamaza. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anawafunika ninyi. Aliona heri mimi niondoke na ujinga wangu kuliko ninyi mjulikane."

Panga moja likanyamaza. Loisi alilisikia likinyamaza kama anavyosikia cherehani, na hakuinua macho.

"Nilipomharibia jina, nilimpa nafasi ya kujisafisha. Ilitosha ataje majina tu. Angekuwa safi jioni ile ile. Amekataa. Ninyi mmekwishaondoa wanyama zizini kwake, na yeye bado anawalindia siri. Sasa niambieni, mlikuwa mnatafuta mtu wa namna gani wa kumwekea mali? Mmempata wapi mwingine? Mkitaka mwongo, mwongo ni mimi. Naishi Kikuyu, mlango unatazamana na fundi Nasra, njooni mnitukane. Kwake msiende na maneno. Kwake nendeni na haya usoni."

Akakunja karatasi. Mabanda yote ya nyama yalikuwa kimya, moshi peke yake ndio ulikuwa ukifanya kazi. Alitaka kushuka, akaona mzee mmoja mwenye fimbo, mbele kabisa, amemnyooshea kidole.

"Rudia," mzee akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, tangu mwanzo. Mara ya pili simu zilikuwa zimeinuliwa juu kama masuke ya mtama, na Jumatatu sauti yake ilikuwa imefika Kondoa, imefika Mtumba kwenye korido za wizara, na Brighton alikuwa ameisikia kutoka kwa mama yake mzazi, aliyeko mkoa mwingine kabisa. Akapiga simu. Aliongea taratibu.

"Mama Erica, shikamoo. Ukurasa wa tisa upo wazi."

"Marahaba. Na viwanja?"

"Vimehama."

"Hakuna picha," Loisi akasema. "Hakuna kubadilisha neno. Na kichwa nakiweka mimi."

Akaweka kichwa: "Nilitunga." Brighton alikimeza.

Wiki chache baadaye Loisi alisafiri tena kwenda kwa Mzee Gerson, gazeti limekunjwa mkobani, maana alitaka amsomee kwa mdomo wake mwenyewe. Hakujua atakuta nini. Zizi alilikuta lile lile, lenye nafasi, na moyo ukamshuka. Hata hivyo akasoma. Mzee alisikiliza akisokota kamba, na pale kwenye filimbi ya reli akacheka hadi akakohoa. Kwingine kote hakusema kitu. Lakini Loisi alikuwa akiangalia vidole, na aliona mahali viliposimama.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mbwa walipobweka upande wa barabara. Mzee akatega sikio. Akaiweka kamba chini, akasimama, akajipangusa vumbi magotini kama mtu anayetarajia mgeni wa heshima.

"Mama Erica," akasema, "ingia ndani ukamsaidie mama kumenya karanga."

Loisi alifahamu. Miaka yote mkate wake ulikuwa ni kutazama. Alikuwa ametazama misiba, harusi, ugomvi wa jogoo, na hakuna mlango uliowahi kumzuia asichungulie. Alisimama, akaigeuzia barabara mgongo, akaingia. Mama Jenifa akamsogezea kigoda na ungo, naye akachagua kukaa akitazama ukuta.

Nje, kwato zikapita. Si za mnyama mmoja. Sauti ya mwanamume ikasalimia kwa chini, ya mzee ikaitikia, kisha mtamba mgeni akalia, mlio wa mnyama asiyelijua zizi analoingizwa. Mzee akauliza kitu. Yule mtu akajibu. Mzee akalitamka lile jina jipya la mtamba polepole, mara mbili, kama anayeonja. Mama Jenifa alikuwa ameacha kumenya. Machozi yalimdondoka kwenye karanga, akayafuta kwa kiganja na kuendelea, na Loisi akafanya kama hakuona hilo pia.

Simu ikaita mkobani. Ni Brighton.

"Mama, nasikia uko kwa mzee. Wamerudisha? Ni nani? Wangapi?"

"Sijaona."

"Si uko hapo hapo?"

"Niko hapa hapa," Loisi akasema, akachukua konzi nyingine kutoka kwenye ungo. "Namenya karanga."